Chai ya Rangun Nyumbani kwa Melania

Melania alizaliwa katika familia ya Kisumbwa iliyoishi kwa asali. Baba yake alitundika mizinga ya magome kwenye pori la miombo, magharibi ya Ushirombo, na tangu Melania akiwa mdogo alimpa asali mpya kwa ncha ya kijiti na kumuuliza nyuki wametua kwenye maua gani. Akikosea hakugombezwa. Alipewa nyingine aonje tena, taratibu, mpaka apate.

Alipokua aliolewa na Clemens, fundi mwashi aliyejifunzia kazi kwa mapadri, na mtoto wao wa kwanza wakamwita Gregory. Asali ya baba yake aliendelea kuiuza mwenyewe. Alibeba debe kichwani mpaka dukani kwa Liaquat, mfanyabiashara wa Kihindi pale Ushirombo, na aliyempokea na kumpimia alikuwa mke wa Liaquat, Anar, ambaye watu walimwita Mama Zulfikar.

Anar alikuwa mtu wa Shinyanga mjini, ameletwa Ushirombo na ndoa. Kisumbwa hakukijua, na miaka ile ya mwanzo siku zilimwia ndefu. Melania akileta asali alimkaribisha uani, nyuma ya duka. Walianza kwa kuzungumza habari za watoto, wakafika kwenye mambo ya wakwe, mwisho wakawa hawachagui la kuzungumza. Zulfikar alipougua surua ni Melania aliyekesha naye, na Melania alipojifungua mtoto wa pili, uji wa wiki ya kwanza ulitoka jikoni kwa Anar.

Mwaka 1965 akaja shangazi yake Anar, Bi Shirin, kutoka Rangun, nchini Burma, alikoishi tangu aolewe. Serikali ya kule ilikuwa imetaifisha maduka, na Wahindi waliokuwa wakiondoka walipekuliwa bandarini hadi vipuli vya masikioni vikavuliwa. Bi Shirin alifika na nguo zake, sufuria mbili, na furushi lililofungwa kwa maganda makavu ya mianzi. Alieleza kwamba wapekuzi walilifungua furushi lile, wakaona majani meusi yaliyoshindiliwa, wakalisukuma pembeni kama takataka. Ndicho kitu pekee cha thamani alichotoka nacho.

Ndani mlikuwa na chai. Haikuwa chai ya kumwagika kama ile ya pakiti. Ilishindiliwa ikawa mikate ya mviringo, mipana kama sahani na migumu kama mashudu ya pamba. Bi Shirin aliiita Pu'er, kwa jina la mji ulioko Uchina, jirani na mpaka wa Burma. Alipewa na Mchina mmoja waliyepakana naye nyumba. Alisema ni chai mbichi: majani yake hukaushwa juani, hulainishwa kwa mvuke na kushindiliwa, kisha huachwa miaka mingi yajigeuze yenyewe.

Siku hiyo Melania alikuwepo. Bi Shirin alibandua kipande kwa ncha ya msumari, akakimwagia maji ya moto, akayamwaga yale maji ya kwanza, akamimina mengine. Chai ilitoka ya manjano, yenye harufu ya moshi. Melania akanywa. Ilikuwa chungu, ikambana ulimi na mashavu kama aliyeuma ndizi mbichi, na Anar akacheka alivyokunja uso. Melania hakucheka. Alikaa kidogo, akameza mate, kisha akasema kuna utamu unapanda kutoka kooni, ambao yeye hakuumeza.

Bi Shirin alimtazama kwa namna nyingine tangu hapo. Akamwambia huo utamu unaorudi ndio unaotafutwa. Uchungu utapungua mwaka hadi mwaka, ila utamu hautapungua, na moshi utakwisha kabisa. Hiyo ya sasa ilikuwa bado mtoto.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuiweka. Chai ile ilivuta harufu ya chochote kilichokaa karibu nayo, na nyumba ya Liaquat ilikuwa moja na duka: mafuta ya taa, sabuni, bizari, magunia ya dagaa kutoka ziwani. Ilihitaji chumba chenye hewa, kivuli, na kisicho na moshi. Clemens alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae, kwenye kigango kimoja cha kanisa nje ya Ushirombo, na kwa nyuma ilikuwa na chumba kidogo chenye matundu ya hewa juu ya ukuta. Anar alikwenda kukiona, akakaa ndani yake akinusa. Kisha akaomba chai ikae mle.

Melania hakusita. Clemens alitengeneza rafu ya mbao kuukuu ambazo harufu yake ilikwisha zamani, na furushi likawekwa juu yake. Anar alimshika Melania mkono pale pale chumbani. "Hii ni yetu wawili, Mama Gregory," alisema. "Mimi na wewe."

Bi Shirin hakuishi sana baada ya hapo. Alipofariki, utaratibu wake ulibaki. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, Anar alikwenda kwa Melania, wakabandua kipande na kuonja. Walitumia bakuli moja, wakipokezana, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Clemens alipewa mara moja akasema yeye anaona ni maji ya magome, wakamwacha.

Miaka ya kwanza hapakuwa na tofauti kubwa. Moshi ulikuwepo, uchungu ulikuwepo. Kisha moshi ukaanza kujificha, ukawa unasikika mwishoni tu, baada ya kumeza. Wakati wa kuhamia vijijini, watu wengi walipobomolewa nyumba na kupangwa upya, nyumba ya Melania ilibaki palepale kwa kuwa kijiji kipya kiliifuata, na kiangazi kile chai ilitoka rangi ya asali ya masika. Ladha ilikuwa imechanganyika, hata Anar akaogopa kwamba imeharibika: mara tamu, mara chachu, mara haina kitu. Melania alimwambia hata asali hupita hapo kabla ya kuganda. Wakaiacha.

Mwaka uliofuata ilikuwa imetulia. Uchungu haukuwa tena wa kukunja uso, ulikuwa kama ule wa ganda la chungwa, unagusa na kuondoka. Rangi ikaendelea kukolea mpaka ikafika wekundu wa udongo uliolowa. Harufu ikawa ya sanduku la mbao lililotunziwa nguo za harusi, na kafuri kidogo. Melania alimwambia Anar kwamba anaisikia asali nyeusi, ile ya mwisho wa mwaka, inayokaa kwenye mizinga ambayo watu wameisahau. Anar alisema yeye anamsikia shangazi yake. Walinywa hadi majani yalipoacha kutoa rangi, na hata maji yale ya mwisho, meupe, yalikuwa matamu.

Halafu ikaja miaka ya uhaba. Sukari ilikosekana, sabuni ikakosekana, watu wakavaa magunia. Chai ya dukani ikawa ya kusikia. Msiba ulipotokea kwa jirani, Melania alikwenda kwa Anar akamwomba wabandue mkate mmoja wawape waombolezaji kitu cha moto usiku wa matanga. Anar alikataa. Alisema watu hawataijua, wataitema, na itakuwa imepotea bure. Isitoshe alitaka mikate ile ifunguliwe Zulfikar atakapooa. Melania alirudi mikono mitupu, akawachemshia watu mchaichai. Jambo hilo lilimkera, lakini kitu cha mtu ni cha mtu, akaliweka moyoni.

Mwaka 1983 serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi, watu walioficha bidhaa. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Usiku watu walitupa porini hata vitu walivyonunua kihalali, doti kadhaa za khanga, miche ya sabuni, mafuta, kwa hofu ya kuulizwa. Clemens alimshauri mkewe waizike ile chai. Melania alisema ardhi itaiua, na kwamba mwenye chai yupo. Wakiuliza atasema ni ya nani na mwenyewe ataitikia.

Walifika asubuhi. Wakapekua ghala, wakapekua uvungu wa vitanda, wakaingia kile chumba cha nyuma. Ofisa aliyewaongoza alishusha furushi na kuuliza ni nini.

Melania akajibu kuwa ni chai. Akaulizwa yote hii ya nani. Akasema ni ya Mama Zulfikar, anamtunzia, na imekaa pale tangu Zulfikar akiwa mdogo. Clemens naye akasema hivyo hivyo. Ofisa akaagiza wote waende dukani, na furushi alibebeshwa Melania mwenyewe, kichwani, kupita kijijini watu wakiangalia.

Liaquat alikuwa amechukuliwa siku iliyotangulia kwenda kuhojiwa juu ya vitambaa. Anar alikuwa amesimama kwenye baraza ya duka, macho mekundu, ameshika nguzo. Ofisa alimuuliza kama mzigo ule ni wake.

Anar aliangalia furushi. Kisha akaangalia barabara.

"Siujui," alisema.

"Huyu mama anasema ulimpa akutunzie."

"Ananiuzia asali. Zaidi ya hapo hatujuani."

Melania alidhani labda hakumwona vizuri, kwa kuwa mzigo ulimfunika uso. Akautua chini. Akamwita kwa sauti ileile ya siku zote: "Mama Zulfikar."

Anar aligeuka akaingia ndani. Komeo likasikika.

Walimpeleka Melania mahabusu mjini, na Clemens akaachwa na watoto. Huko aliyemhoji alikuwa mwanamume mpole wa sauti, aliyetaka kweli kujua kile kitu ni nini. Aliagiza kipande kichemshwe. Kilipoletwa kilikuwa kimekaa motoni kama kunde, cheusi tii. Alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaweka kikombe mezani.

"Hii imeoza," alisema. "Mama, umeficha chai mpaka ikaoza, na watu hawana cha kunywa."

Melania alijaribu kumweleza. Alisema haijaoza, ndivyo inavyotakiwa kuwa, hiyo harufu kama ya mbao kuukuu ni ya miaka na si ya uozo, na kwamba angemwaga maji ya kwanza na kuyachukua ya pili angesikia utamu unarudi kooni. Wenzake yule bwana walikuwa wanasikiliza, na mmoja akatabasamu. Melania akaona kwamba kadiri anavyoisifu ndivyo anavyozidi kujitia hatiani. Nani atunze chai miaka yote hiyo kama si mlanguzi?

Siku za mahabusu zilikuwa nyingi. Kilichomsumbua hakikuwa sakafu wala njaa, alivyokuja kumwambia Clemens baadaye. Alikuwa akikumbuka ile mara ya mwisho walipoonja, kiangazi kilichopita. Chai ilikuwa haijawahi kufika pale. Ilikuwa nzito mdomoni bila kuwa kali, ikashuka laini, na baada ya kulishusha bakuli kifua kikabaki na joto kwa muda mrefu. Anar alikuwa amefumba macho. Walikuwa wamekunywa mahali pamoja kwenye ukingo wa bakuli, na mdomo ule ule ndio uliosema hawajuani.

Mwishowe aliachiliwa bila kushtakiwa. Furushi halikurudi. Wengine walisema lilitupwa shimoni pamoja na unga ulioharibika, na yeye hakuuliza zaidi.

Alikuta Liaquat ametoka kabla yake na familia nzima imehamia Shinyanga mjini. Duka lilikuwa limefungwa. Melania aliuliza kwa majirani kama Mama Zulfikar aliacha ujumbe wowote. Hakuacha.

Kwenye kigango chake Melania ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa ghala la kina mama, walikoweka mahindi ya wajane na wagonjwa. Jumapili ya kwanza, Serafina, mwenyekiti wao, alimjia baada ya ibada na kumwomba ufunguo. Alisema kwa adabu. Alisema watu wanasema aliyeweza kuficha chai anaweza kuficha na mahindi, na yeye Serafina hataki maneno. Melania alimweleza ilivyokuwa. Serafina akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mwenye chai aliulizwa mbele ya watu wote na akaikana. Melania akampa ufunguo.

Clemens ndiye aliyetaka waondoke. Masele, kaka yake Melania, alikuwa Nyarugusu, upande wa Geita, anachimba dhahabu, akaleta habari kwamba kule kuna kazi ya ujenzi kwa fundi yeyote mwenye pima maji. Wakahama. Clemens alijenga vibanda vya biashara, na Melania akafungua mgahawa wa turubai karibu na maduara, yale mashimo marefu ambayo wachimbaji walishukia kwa kamba. Aliuza uji, maharage na maandazi. Wachimbaji walimpenda kwa kuwa hakumpunja mtu na hakuuliza mtu ametoka wapi. Chai aliuza pia, ile ya pakiti, yenye tangawizi. Yeye mwenyewe alikuwa haionji.

Miaka ikapita. Gregory akaoa. Siku moja dereva wa lori aliyekuwa anakula pale alitaja duka la Liaquat lililoko Shinyanga, jirani na stesheni ya reli, na mkewe ambaye siku hizi anavaa miwani. Melania aliendelea kuosha vyombo. Usiku ule alimwambia Clemens kwamba anataka kwenda. Clemens alimuuliza anakwenda kutafuta nini. Akajibu kwamba anataka kusikia.

Alisafiri kwa basi, akalala Kahama, akafika Shinyanga siku ya pili mchana. Duka lilikuwa dogo kuliko la Ushirombo. Anar alikuwa nyuma ya meza, amenenepa, nywele zimeingia mvi. Alipomwona alisimama, kisha akakaa tena.

Walisalimiana. Anar aliuliza habari za Baba Gregory, za watoto, moja moja kwa majina, na alikuwa hajasahau hata mmoja. Alimtuma msichana alete soda. Melania hakuigusa. Aliuliza alichokuja kuuliza: kwa nini.

Anar alivua miwani. Alisema siku ile Liaquat alikuwa mikononi mwao na hakujua kama atarudi. Alisema wadogo zake Zulfikar walikuwa ndani. Alisema kwamba kama angekiri chai, wangesema kuna na mengine, wangeondoka na yeye, na nani angebaki na watoto.

"Na wewe nilijua watakuachia," akamalizia. "Wewe ni mtu wao, Mama Gregory. Mimi wasingeniachia."

"Hawakuniachia siku ile," Melania alisema.

"Nilisikia."

Hilo ndilo lililomkata maini. Alikuwa amejipa moyo muda wote huo kwamba labda Anar hakujua. Kwamba alihama kwa haraka akidhani rafiki yake yuko nyumbani kwake. Kumbe alisikia. Alijua Melania yuko ndani, na akafunga mizigo.

Anar alianza kulia, na Melania akamwacha alie. Alipotulia, Melania alimwambia kwamba hataki chochote cha duka lake. Anataka aje Ushirombo, mara moja tu, asimame mbele ya Serafina na kina mama wa kigango aseme chai ilikuwa yake. Anar akakubali, tena upesi. Walipatana Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, kwa basi la asubuhi. Alimshika Melania mkono wakati wa kuagana na kusema atakuja, Mungu ni shahidi.

Jumamosi ile Melania na Clemens walifika Ushirombo mapema. Serafina alikuwa ameitwa, akaja na wanawake wengine, wakakaa kwenye gogo penye kituo cha basi. Melania aliwaambia wasubiri, mtu anakuja kusema jambo. Basi lilifika. Walishuka walimu wawili, mwanamke mwenye kuku, na wanajeshi. Kondakta akapiga ubavu wa basi, likaondoka kuelekea magharibi.

Walisubiri la mchana. Nalo likapita.

Wanawake walianza kuinuka mmoja mmoja, wakisema wana watoto nyumbani. Serafina alibaki mpaka mwisho. Alipoinuka alimshika Melania bega, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wangemsamehe hata bila kuleta shahidi, kwamba mambo hayo ni ya zamani na yeye asijisumbue. Alimaanisha wema. Melania alielewa kutokana na wema huo kwamba sasa Serafina alikuwa hamwamini tena hata kidogo.

"Mimi nilikuwepo," Clemens alisema. "Rafu niliitengeneza mimi."

"Wewe ni mume wangu," Melania alimjibu. "Kwao neno lako ni langu."

Walilala kwa ndugu, na alfajiri wakapanda lori la kwenda Geita. Clemens alitaka kumwandikia Liaquat. Melania akamkataza. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye mgahawa wake, amewasha moto, anakanda unga, na wachimbaji waliokuwa wamemkosa walimtania kwamba walidhani amepata mume mwingine.

Aliishi Nyarugusu mpaka uzee. Wajukuu walipomuuliza habari za Ushirombo ya zamani aliwasimulia kwa raha: mizinga ya baba yake, mapadri na tanuri lao la matofali, na Wahindi wa dukani. Alisema Liaquat alikuwa mtu mwema, hakuwahi kumpunja mtu mizani. Alisema Zulfikar alikuwa mtoto mcheshi, alijua Kisumbwa kuliko Wasumbwa. Aliwasimulia hata habari za bibi mmoja aliyetoka Rangun na sufuria mbili. Wakimuuliza mama yake Zulfikar alikuwa nani, alisema kwamba na yeye alikuwepo, kisha akawapeleka kwenye habari nyingine.